Joto Hili Si la Kaskazi

Hotuba ya muuguzi mkunga kwa wanawake wa kikundi cha kuweka na kukopa, Tanga

Shikamooni wakubwa zangu. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na ninyi wadogo zangu mliojibanza kule nyuma karibu na feni, habari za asubuhi. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie "mambo ya utu uzima". Aliona haya kulitaja jambo lenyewe mbele ya mweka hazina wenu, ambaye ndiye mwanamume pekee humu ndani. Mimi nitalitaja. Tunazungumzia hedhi inayoelekea kukoma, tunazungumzia ugonjwa wa wasiwasi, na hasa tunamzungumzia mwanamke aliyepatwa na vyote viwili kwa mpigo. Mweka hazina abaki. Ana mke.

Mimi ni muuguzi, na pia ni mgonjwa. Wasiwasi ninao tangu ujana: nilitibiwa ukatulia, ukarudi, nikatibiwa tena. Siku zangu zimeanza kuyumba. Kwa hiyo mengine nitayasema kama mtu wa sare nyeupe na mengine kama mwenzenu, mtanivumilia nikichanganya.

Hedhi haikomi kwa siku moja. Kwa wanawake wengi inakoma kati ya umri wa miaka 45 na 55, na sisi wa hospitali tunasema imekoma pale inapopita miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Miaka inayotangulia ndiyo yenye vurugu. Mara nyingi ni kama minne, wengine inafika minane. Watu wanadhani homoni ya estrojeni inashuka taratibu mpaka iishe. Ingekuwa hivyo tusingehangaika sana. Inapanda kupita kawaida wiki hii, wiki ijayo imeporomoka. Projesteroni nayo inapungua, kwa sababu kuna miezi yai halipevuki kabisa. Ndiyo maana siku zinakuja baada ya wiki tatu, halafu zinapotea miezi miwili, halafu zinarudi nzito mpaka unatandika khanga mbili kitandani.

Mwenye wasiwasi aitazame vizuri hiyo projesteroni. Mwili huigeuza sehemu yake kuwa kemikali inayotuliza ubongo, kupitia mfumo uleule ambao vidonge vya diazepamu vinautumia. Kiwango kikiyumba, utulivu wako unayumba nacho. Dada yangu anayesema "hofu imenirudia, na nyumbani hakuna ugomvi wala deni", nakuamini. Haikutoka hewani.

Sasa joto lenyewe, lile la ghafla linalokuja na kipindi hiki. Ubongoni kuna sehemu inayopima joto la mwili. Estrojeni ikiyumba, sehemu hiyo haivumilii tena. Joto likiongezeka kidogo tu, kiasi ambacho zamani usingekihisi, inaamuru mwili ujipoze upesi. Mishipa ya ngozini inafunguka, kifua na uso vinawaka, jasho linachuruzika mgongoni, moyo unadunda. Mara nyingi ni dakika moja hadi tano. Likishapita unabaki na blauzi iliyolowa na kibaridi.

Hapa Tanga tuna balaa letu la ziada. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma, kila mtu anafukuta, hata mtoto wa darasa la pili. Mwanamke anakaa na dalili miezi mizima akisema ni hali ya hewa. Nenda Lushoto mwezi wa saba, watu wote wamejifunika masweta na wewe unajipepea kwa daftari la kwaya, hapo utajua kwamba jua halihusiki.

Rudini kwenye ile orodha: moyo kudunda, jasho, kifua na uso kuwaka. Mwenye wasiwasi anaifahamu orodha hiyo tangu zamani, maana ndivyo shambulio la hofu linavyoanza. Ubongo wa mtu wa namna yangu ni kama mlinzi wa usiku anayepuliza filimbi hata paka akipita. Joto linapanda, moyo unaongeza kasi, mlinzi anaamka: "Ni moyo! Ni kiharusi! Unakufa hapahapa sokoni!" Hofu inamwaga adrenalini, adrenalini inauongezea moyo kasi na kuleta jasho jingine, na wewe unasema, "Si niliwaambia?" Kitu cha dakika tatu kimekuwa cha dakika arobaini, na mchana kutwa unaogopa lisije jingine.

Watafiti wa Philadelphia, Marekani, waliwafuatilia wanawake kwa miaka kadhaa kabla hedhi haijakoma. Waliokuwa na wasiwasi wa wastani walilalamikia joto la ghafla karibu mara tatu kuliko wenzao watulivu, na wenye wasiwasi mkubwa karibu mara tano. Baadaye walipochambua zaidi, wakakuta kinachohusika hasa ni ule wasiwasi unaokaa mwilini, wa moyo kwenda mbio, tumbo kuvurugika na kizunguzungu, kuliko ule wa kuwazawaza. Utafiti mwingine wa hukohuko Marekani, ulioanza 1996 na kuchukua wanawake zaidi ya 3,000 wa asili mbalimbali, ulionyesha kwamba hata mwanamke aliyekuwa mtulivu maisha yake yote anaweza kuingia kwenye wasiwasi mkubwa katika kipindi hiki. Huohuo ulionyesha kuwa nusu ya wanawake waliopata joto la mara kwa mara walikaa nalo zaidi ya miaka saba, na wanawake weusi ndio waliokaa nalo muda mrefu kuliko wengine. Ninayataja haya kwa ajili ya wifi zenu wanaosema mnajidekeza.

Nataka niwaeleze kuhusu daftari moja. Mama mmoja, muuza dagaa, alikuja kwangu na daftari la mistari, lile kubwa. Mwanawe alimnunulia mashine ya kupima presha, mtoto mwema, Mungu ambariki. Nikafungua ukurasa. Saa kumi alfajiri: 138 kwa 86. Saa kumi na robo: 144 kwa 90. Saa kumi na nusu: 151 kwa 94, na mwandiko umeanza kuyumba. Saa kumi na moja kasorobo: 158, chini yake ameandika "Ya Rabi". Ameamshwa na joto, amelowa, moyo unadunda, akajipima. Namba ikamtisha, akajipima kuhakikisha. Hofu ikapandisha namba ya pili. Kurasa zote zilikuwa hivyo.

Sikumnyang'anya mashine. Nilimwambia apime asubuhi na jioni tu kwa wiki nzima, akiwa ameketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani, na usiku mashine ilale kwa mwanawe. Aliporudi namba zilikuwa za kawaida. Usiku wa kwanza, aliniambia, alitamani kwenda kugonga mlango wa mwanawe aichukue.

Hili ndilo nililokuja kulisema leo, mengine ni nyongeza: mwenye wasiwasi anahitaji kupimwa vizuri mara moja, kisha aache kujipimapima. Yote mawili. Wengine wetu wanapimwa kila wiki na hawaamini majibu. Wengine hawajapimwa hata siku moja kwa sababu kila wakienda wanaambiwa "mama, una wasiwasi tu". Mimi niliwahi kuambiwa hivyo na mtu wa taaluma yangu, wakati natokwa na damu siku kumi kwa mwezi. Wingi wa damu ulipopimwa ulikuwa 7, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Moyo ulikuwa unakimbia kwa sababu damu haikuwepo. Kuwa na faili la wasiwasi hakumzuii mtu kuugua kitu kingine.

Basi ukienda, omba hivi. Wingi wa damu. Presha na sukari. Tezi ya shingo, kwa kipimo cha damu, maana ikifanya kazi kupita kiasi inaleta joto, jasho, mapigo ya moyo na wasiwasi, pacha kabisa wa haya tunayoyasema. Kipimo cha mimba, msicheke, nitarudi hapo. Na malaria, kwa kipimo! Hapa Pwani mtu akilowa usiku, asubuhi anakwenda duka la dawa ananunua dawa mseto bila kutobolewa kidole. Mwezi ujao tena. Kuna mama alikunywa dozi nne mwaka mmoja kwa malaria ambayo haikuwepo. Na jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili, homa au nguo kukupwaya, usilisingizie umri, kapime makohozi.

Majibu yakiwa mazuri, yaandike kwenye karatasi na tarehe, weka kwenye pochi. Hofu ikija inadai kipimo kipya, isomee karatasi.

Joto likija, ufanyeje? Litaje kimoyomoyo: "joto limekuja, litapita." Usikimbie. Shusha mabega, legeza taya, pumua kwa tumbo polepole, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Niwe mkweli: kupumua polepole hakupunguzi idadi ya majoto. Wataalamu wa Marekani waliupitia ushahidi 2023 na hawakukuweka kwenye orodha ya tiba za joto. Kazi yake ni kwa hofu, ili joto likimaliza dakika zake liondoke peke yake.

Kilichothibitika zaidi ni tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikra na mwenendo. Ilijaribiwa London kwa wanawake wenye joto la ghafla, kwa vikao vichache tu, hata kwa kitabu cha kujisomea nyumbani, na wakaanza kusumbuliwa nalo kidogo kuliko zamani. Joto lilikuwepo. Walichobadilisha ni maneno wanayojiambia likija. Wewe unajiambia, "Watu wote wananitazama, wanajua nimezeeka." Hebu pima ukweli wake. Wengi hawajaona kitu, wana bei ya nyanya kichwani. Aliyeona, anadhani ni jua la Tanga.

Halafu kuna kukwepa. Mwanamke alipatwa ndani ya daladala ya kwenda Pongwe, akaacha kupanda daladala. Akapatwa kwenye harusi, akaacha harusi. Akapatwa kanisani, au kwenye darsa, sasa anasali nyumbani. Kila anapoacha anapata nafuu ya siku moja, na hofu inajifunza kwamba pale palikuwa pa hatari kweli. Kurudi kunafanywa kidogokidogo: kituo kimoja cha daladala, ukae dirishani, na likija joto humohumo ulisubiri liishe ndipo ushuke.

Usiku ndio mgumu. Nina maneno machache tu. Kahawa chungu na chai ya rangi ziishe mchana, na hiyo kahawa ya kwenye baraza jioni muachieni wenye baraza lao. Shuka na gauni la pamba, nailoni mpeni wifi. Maji karibu na mto, khanga kavu karibu na mkono ili usiwashe taa na kuanza kutafuta. Usingizi ukigoma, toka ndani ya chandarua, kaa kwenye kiti, fanya kitu cha kuchosha macho, urudi ukisinzia. Ukilala palepale ukihesabu saa zilizobaki kabla ya adhana ya alfajiri, kitanda kinakuwa mahali pa kuogopea.

Na vile vidonge vya usingizi vinavyouzwa kwa kunong'ona. Diazepamu inatuliza haraka, ndiyo hatari yake. Mwili unaizoea ndani ya wiki chache, unadai zaidi, na ukiacha ghafla wasiwasi unarudi mkali kuliko ulivyokuwa. Aliyekwisha kuizoea asiitupe leo kwa sababu yangu. Aende apunguziwe kwa mpangilio.

Dawa zinazostahili jina hilo zipo. Kuna kundi la dawa za sonona na wasiwasi, kama escitalopramu na venlafaksini, ambazo zinatuliza hofu na pia zinapunguza joto. Kwa mtu kama mimi hiyo ni bei ya jumla. Hazifanyi kazi siku moja. Zipe wiki nne hadi sita, na wiki ya kwanza zinaweza kukuongezea wasiwasi kidogo, ujue mapema usiziache njiani. Aliyekwisha kuanzishiwa na sasa joto limeanza, asizikatishe mwenyewe. Arudi dozi itazamwe.

Halafu kuna tiba ya homoni, ya vidonge, kiraka cha ngozini au jeli. Kwa joto la ghafla hakuna inayoizidi. Watu waliitoroka baada ya utafiti mkubwa wa Marekani kusimamishwa 2002 kwa sababu ya saratani ya matiti na kuganda kwa damu. Wengi waliokuwemo kwenye utafiti ule walikuwa wamevuka miaka 60. Leo ushauri ni kwamba mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka kumi tangu hedhi ikome, faida kwake mara nyingi inazidi madhara. Mwenye kizazi lazima apewe projesteroni pamoja na estrojeni. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kuganda damu, au mwenye damu isiyojulikana inakotoka, aonwe na daktari bingwa kwanza. Si kila kituo wanazo, na bei si ya kuchezea. Ila ulizeni, msikatae kwa sababu jirani kasema. Mjue pia kwamba homoni peke yake haitibu ugonjwa wa wasiwasi uliokuwepo miaka ishirini. Ukiondoa joto, umeiondolea hofu kuni moja.

Nilisema nitarudi kwenye mimba. Hedhi inayoyumba haijakoma, na yai likiamua kupevuka halikupi taarifa. Ushauri ni kuendelea na uzazi wa mpango miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho kama hujafika 50, na mwaka mmoja kama umevuka. Mnaochoma sindano, yenyewe inaweza kukata siku, kwa hiyo kutoona damu hakukuambii lolote. Zungumza na mtoa huduma.

Majini. Najua tuko Tanga, na najua kuna waliopigiwa ngoma. Mwanamke analia bila sababu, usiku analowa, hataki kuguswa, anasema kifua kinabanwa: nyumba ngapi hapa zinaita hospitali kwanza? Sikuja kugombana na mganga wa mtu wala na sala ya mtu. Dua nami ninaomba. Ninachoomba ni kwamba kipimo cha damu kitangulie mbuzi. Mbuzi ni ghali kuliko kipimo.

Mweka hazina, sasa hapa ni pako. Mkeo akifungua madirisha yote saa nane usiku na mbu wakaingia, usiulize "una nini wewe?" Mletee maji. Akikukwepa kitandani, kuna ukavu unaoletwa na estrojeni kupungua, unauma, na una dawa yake. Hajapata mwingine. Na ninyi akina mama semeni, wanaume hawasomi haya popote. Sentensi moja inatosha: "Homoni zangu zinayumba, na ule wasiwasi wangu umeamka nao, nitakuwa sawa lakini nahitaji uvumilivu wako." Wengine wenu mmekaa na huyo mzee miaka 25, mnaweza kutamka sentensi moja.

Kuna ambayo hayasubiri mkutano ujao. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, pamoja na kukosa pumzi au kuzimia: hospitali sasa hivi, usijishauri kama ni hofu au siyo, kazi hiyo ni yetu. Damu kurudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone: uchunguzi, usishangilie kwamba ujana umerudi. Na mwenye mawazo kwamba afadhali asingekuwepo, au kwamba watoto watapumzika yeye akiondoka, hiyo ni dalili na inatibika. Mwambie mtu mmoja leo kabla hujalala, na hospitali ya rufaa ya mkoa kuna idara ya afya ya akili. Ukishindwa kwenda peke yako, nifuate pale mlangoni, tutakwenda pamoja. Pale hakuna wa kumwonea haya. Mimi mwenyewe wananijua kwa jina.

Mwisho, mnaokwenda kliniki wiki hii mwende na karatasi. Upande mmoja tarehe za hedhi za miezi mitatu, na uzito wake kwa idadi ya pedi au vitambaa. Upande wa pili siku uliyopata joto, siku uliyopata hofu, na kipi kilitangulia kama uliona. Chini andika dawa zote unazotumia, na za mizizi pia, usizifiche. Mganga wa zamu ana foleni, karatasi itamsemea haraka kuliko machozi.

Nimeona mikono mitatu imeinuliwa tangu nilipotaja sindano. Tuanze na mama mwenye ushungi wa kijani, halafu huyo dada wa dirishani. Mweka hazina naye ana swali, naona anaandika.